Mkia wa Faili la Masagati

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa nini nikiletewa faili geni silifungui palepale kama watu wengine, bali nalizungukazunguka kwanza kama mtu anayenusa sufuria ya jirani. Nilimjibu kwa mzaha kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa nyumbani Lipangalala, sina saa ya kuripoti, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza. Jibu lenyewe nawaandikia ninyi. Mambo ya vyeo na mishahara mtayakuta kwenye jalada langu kule masjala, kama mchwa wamebakiza kitu. Mimi nataka kuwaeleza habari za herufi tatu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti cha shule ya jioni. Tulisomea kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakiwa usawa wa masikio, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wote, hata yule aliyekuja na kaka yake. Mchana nilikuwa mpakiaji wa magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Siku hizo niliweza kubeba magunia mawili na mwenye mashine juu yake. Nikasikia kuna mradi umefungua ofisi hapa Ifakara wa kuwafuatilia wagonjwa wa kifafa bondeni, kuanzia Mang'ula hadi Masagati huko mbele ya Mlimba. Nikaomba kazi ya ulinzi. Aliyenisaili akaona alama yangu ya hesabu, akaniuliza kama naogopa kompyuta. Nikasema siogopi. Nilisema kweli, maana nilikuwa sijawahi kuiona.

Mlangoni pa chumba cha kompyuta palikuwa na kibao: VUA VIATU. Nikavua. Soksi yangu moja ilikuwa imebaki shingo tu, nikaona nivue na soksi. Nikabisha hodi, nikaingia, nikakutana na baridi ambayo ningeijua mapema ningekuja na blanketi. Kiyoyozi kile kingeweza kugandisha samaki kitoga mzima na mto wake. Mle ndani zilikaa mashine tatu zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kama makochi ya bibi harusi, na katikati yake mzee mmoja mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenawa mikono?"

"Nimenawa, mzee."

"Kanawe tena."

Huyo ndiye Mzee Kasiani, mkuu wa chumba, mtu aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Kabla ya kompyuta alikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya Mang'ula, na reli hakuiacha kamwe, aliihamishia ofisini. Faili kwake lilikuwa behewa, disketi ilikuwa treni, na mtu aliyechelewa kazini alikuwa "amepitwa na treni ya saa kumi na mbili." Alikuwa na hadithi moja aliyotupa sisi makarani mara nyingi kama chai. Behewa liliwahi kufika Mang'ula limebandikwa karatasi ya saruji. Wapakuaji wakajifunga vitambaa puani. Mzee Kasiani akainama, akatazama chini ya mlango wa behewa, akaona punje za mchele zinadondoka. Akawaambia wafungue vitambaa walete ndoo.

"Karatasi ile aliibandika mtu," alikuwa anamalizia, "na pengine mtu huyo alikuwa na njaa au alikuwa na haraka. Wewe chungulia mlango."

Tulikuwa tunacheka kwa adabu, kisha tunarudi kuandika. Hakuna aliyejua kwamba siku moja tutauhitaji ule mlango.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua fomu zilizoandikwa vijijini kwa kalamu na kuziingiza kwenye mashine. Jina, umri, mara ngapi anaanguka kwa mwezi, amewahi kuungua, anatumia vidonge vingapi. Nyenzo zetu zingewachekesha ninyi mnaobeba ofisi nzima mfukoni. Brashi ya vumbi tuliitengeneza kwa manyoya ya jogoo, tena jogoo mwekundu, kwa sababu Mzee Kasiani alisema mweupe huacha nyuzi. Disketi tulizipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga kuzikinga na unyevu. Sisimizi walipenda kibodi kuliko sukari. Mashine ya dirishani iliwahi kuandika herufi K ukurasa mzima bila mtu kuigusa, na tulipoifungua kibodi tulikuta humo ndani kijiji kizima cha sisimizi, nadhani na mwenyekiti wao.

Lakini siku iliyonimaliza kabisa ilikuwa siku yangu ya pili. Siku ya kwanza nilikuwa nimeandika mtu mmoja tu, mvuvi wa Kivukoni, kwa kidole kimoja, kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana. Jioni mashine ikazimwa. Kioo kikawa cheusi kama sufuria. Nikaenda nyumbani moyoni nikijua nimempoteza mvuvi wa watu. Asubuhi Mzee Kasiani akawasha, akabonyeza mahali, mvuvi wangu akatokea, jina lake, umri wake, kijiji chake, hata koma niliyoikosea. Nilisimama. Niliwaza alikuwa amelala wapi.

"Mzee, naomba uizime tena nione."

"Hii si tochi," akasema. Na kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake, hakuwahi kuruhusu mashine izimwe bila sababu, isipokuwa siku moja.

Sasa njooni kwenye herufi tatu. Mashine zile za mwanzo zilikuwa na sheria: jina la faili lisizidi herufi nane, halafu nukta, halafu herufi tatu. Nane za mbele tulizielewa. Tatu za nyuma hakuna aliyetueleza za nini, maana wataalamu waliotufungia mashine walikaa siku mbili wakaondoka na ndege. Mzee Kasiani alikuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo, mimi ndiye niliyebaki na ufunguo, na mimi, kwa akili yangu ya shule ya jioni, nikatatua suala lile kwa dakika moja. Hapa kwetu ukitaja jina la mtu, swali linalofuata ni moja: wa wapi? Basi mashine nayo inauliza hivyohivyo. Jina, nukta, kwao. Faili la wagonjwa wa Mang'ula likawa WAGONJWA.MNG. La Kivukoni likawa WAGONJWA.KIV. La Masagati likawa WAGONJWA.MAS. Na tazameni neno wagonjwa lilivyo: herufi nane kamili, kama vile lilizaliwa kwa ajili ya kompyuta. Nililiona jambo hilo kama ishara.

Makarani wenzangu wote waliupokea utaratibu ule kwa furaha. Programu yetu ya majedwali ya enzi hizo haikujali, ukiiandikia jina zima ilifungua. Mzee Kasiani aliporudi alikuna kichwa, akasema huko mjini aliona watu wakiweka mikia mingine, lakini treni ilikuwa inatembea, akaiacha itembee. Alirudi na zawadi pia, programu ya kufungasha. Unaipa faili kubwa, inalikunja mpaka linaingia kwenye disketi moja, kama mtu anavyokunja godoro la sufi kuingia begi la shule. Nilipewa kazi ya kufungasha orodha zote za zamani. Kila nilipomaliza moja, mashine ilikuwa inaniletea faili lenye mkia ZIP.

ZIP. Nilifikiri kijiji kwa kijiji, kuanzia Kidatu mpaka mwisho wa bonde. Hakuna kijiji chetu kinachoanza hivyo. Nikaona mashine imekosea, nikairekebisha. Nilifuta ZIP, nikaandika MAS. Nikafuta ZIP, nikaandika KIV. Nilifanya hivyo mchana kutwa nikipiga mluzi, na sikumwambia mtu, kwa sababu usahihishaji mdogo hauhitaji ripoti.

Baada ya miaka michache tukaletewa mashine mpya, ile ya picha na kipanya. Ya zamani iliyokuwa na orodha zote ilipigwa na radi msimu huohuo na haikuamka. Hatukulia sana, orodha zilikuwa kwenye disketi ndani ya kopo la maziwa.

Ndipo akaja Mama Foibe.

Mama Foibe alikuwa mhudumu wa afya wa Masagati, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto. Wagonjwa wa kijiji kile alikuwa nao yeye. Alikuwa anakuja Ifakara mara moja kwa msimu kuchukua vidonge, akiwa na daftari kubwa lenye kipimo cha kila mtu. Asubuhi ile aliingia bila viatu, miguu ina tope kavu hadi magotini, akaweka juu ya meza kitu kilichofungwa kwenye khanga. Akafungua. Lilikuwa daftari, au lililokuwa daftari. Mtumbwi ulikuwa umepinduka walipokuwa wanavuka. Yeye aliogelea akalishika, lakini wino ulishaenda na mto. Kurasa zilikuwa zimebaki za bluu, zote rangi moja, kama anga.

"Daktari amenikatalia dawa," akasema. "Na amefanya vizuri kunikatalia. Anasema vidonge hivi si karanga, kila mtu na kiasi chake, hawezi kunipa gunia nikagawe kwa kukumbuka. Ameniambia nije kwenu, mlikuwa mnaandika kila kitu."

"Tuliandika, mama."

"Treni ya kwenda Mlimba ni kesho mchana. Mvua imeanza kule juu. Nikiikosa hiyo, njia ya kwetu inafungwa, nitakaa hapa mpaka maji yapungue. Vidonge walivyobaki navyo ni vya siku chache. Unajua mtu wa kifafa akikatishwa dawa ghafla inakuwaje?"

Nilijua. Nilikuwa nimeandika kwa kidole changu mwenyewe: ameungua mkono, ameungua uso, ameanguka kisimani.

"Wengine nawakumbuka," akaendelea, sauti imeshuka. "Yupo binti anaitwa Gaudensia. Yeye huanguka bila kumuonya mtu, mara ya mwisho aliangukia jikoni. Daktari alimbadilishia kipimo mara mbili mwaka mmoja. Huyo sithubutu kumkisia."

Mimi wakati huo nilikuwa na tatizo moja kubwa, nilijiona mjuzi. Nikamwambia, "Mama, hilo ni jambo la dakika mbili. Kaa hapo upate chai."

Nikafungua kopo la maziwa. Mende walikuwa wamekula karatasi zote zilizobandikwa juu ya disketi, maana mende wa Ifakara na gundi ni marafiki wa damu. Disketi arobaini hivi, zote nyeusi, zote uchi. Nikaanza kuziingiza moja moja. Kivukoni. Mang'ula. Kivukoni tena. Moja ilikuwa na barua yangu ya kuomba likizo. Mama Foibe alikunywa chai ya kwanza na ya pili. Mashine ilikuwa inakoroma kila disketi inapoingia, nami nakoroma nayo. Jua lilikuwa limeshapita utosini ndipo likatokea kiooni: WAGONJWA.MAS.

"Ndiyo hii, mama. MAS, Masagati. Ni kwenu hapa."

Akasogeza kiti. Nikabofya mara mbili kwa madaha. Nilidhani litafunguka kama kwenye mashine ya zamani. Hii mpya ilinionyesha kikaratasi cheupe, ikaniuliza hili faili nilifungue kwa programu gani. Ikaniwekea orodha ya programu ndefu kama ya wagombea. Sikutaka kuonekana nababaika mbele ya mgeni. Nikachagua ya kuandikia barua.

Kioo kikajaa. Jamani, sijui niwaeleze vipi. Vikopa vya karata. Nyuso ndogo zinazocheka. Vijisanduku, herufi zenye kofia na ndevu, alama za fedha za nchi nisizozijua, zote zimebanana bila nafasi, ukurasa baada ya ukurasa. Mashine ikalia kidogo katikati, kama na yenyewe imeshtuka.

Mama Foibe aliangalia muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akavaa.

"Mwanangu, hawa ndio watu wangu?"

"Ndio wao, mama. Ila... wamechanganyika kidogo."

"Basi wachanganue."

Nikaona heri nilifunge nianze upya. Nilipofunga, mashine ikaniuliza kwa upole kama nihifadhi mabadiliko. Mimi nimelelewa kuitikia ndiyo nikiulizwa vizuri. Kipanya kilikuwa kimeshafika juu ya ndiyo, kidole kinashuka.

"Tito. Toa mkono."

Mzee Kasiani alikuwa mlangoni, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado. Sijawahi kumwona akiingia chumba kile na kiatu, isipokuwa siku ile. Alikuja akichechemea nusu-kiatu, akanisogeza kwa bega, akabonyeza hapana yeye mwenyewe.

"Ungesema ndiyo," akaniambia polepole, "ungekuwa umewazika. Ile programu ya barua ingewaandika upya kwa lugha yake, na lugha yao ingepotea. Una nakala nyingine ya hii?"

Nikatazama kopo. Sikuwa nayo.

Mama Foibe alikuwa ameshika lile daftari la bluu kwa mikono miwili.

Alichofanya Mzee Kasiani baada ya hapo ndicho ninachofanya mimi hadi leo, na ndicho mlichokuwa mnakicheka. Kwanza aliitoa disketi, akaigeuza, akasukuma kile kidirisha kidogo cha pembeni ili mashine iweze kusoma tu, isiweze kuandika. Pili aliirudisha, akanakili lile faili kwenye mashine, akaitoa disketi yenyewe na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Tatu aliondoka kwenye picha zote, akaenda kwenye kioo cheusi cha kuandika amri, akaagiza mashine imwonyeshe lile faili lilivyo, bila kulipitisha kwenye programu yoyote. Vikopa na nyuso zikatiririka tena. Lakini yeye hakuziangalia. Alirudi juu kabisa, mwanzo wa faili, akabadilisha miwani, akaweka kucha kwenye kioo.

"Nyie mnaangalia behewa zima. Angalia chini ya mlango tu. Hapa. Zimeandikwa herufi gani?"

"P," nikasema. "Na K."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la shule lenye mistari. Sikuwahi kuliona. Kumbe miaka yote ile, kila faili lililopita mikononi mwake alikuwa analichungulia mwanzo wake na kuandika alichokiona: programu hii huacha alama hii, picha za aina hii huanza na herufi hizi. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko wa karani wa reli. Kila faili, akatueleza, limeandikwa ndani mwake lilitengenezwa na nani, na hata ulibandike mkia gani kwa nje, lile la ndani halibadiliki. Nilisikia vinyweleo vinanisimama mikononi, na safari hii si kwa kiyoyozi. Miaka yote nilidhani mafaili ni mabubu na sisi ndio tunayapa majina. Kumbe kila moja lilikuwa linajitambulisha, likiita jina lake pale mwanzoni, mtu wa kusikiliza ndiye aliyekosekana.

"PK," akasoma. "Hii ni alama ya programu ya kufungasha. Hawajachanganyika hawa. Wamekunjwa." Akageuka taratibu. "Lakini programu ile huweka mkia wa ZIP. Nani aliuondoa?"

Ningeweza kusema ni mende. Wallahi nilifikiria mende. Nikamtazama Mama Foibe, tope lile magotini, nikaona aibu ya kusema kweli ni nafuu.

"Ni mimi, mzee. Niliona hatuna kijiji cha ZIP."

Mzee Kasiani alifunga macho. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, tena cheko lile la bila sauti la watu waliozoea kufanya kazi karibu na treni.

"Huyu," akamwambia Mama Foibe akinionyesha kwa kidole, "ametafuta kijiji cha ZIP."

"Hata mimi sikijui," akasema Mama Foibe kwa utulivu. "Yeye alitaka kujua watu hawa ni wa wapi. Ana kosa gani? Wakunjue watu wangu."

Mzee akafuta MAS kwenye ile nakala, akaandika ZIP, akaiita programu ya kufungasha na kuiagiza ifungue. Mashine ikafikiri. Ikatoa faili moja. Jina lake WAGONJWA.MAS, kwa sababu nililibandika mkia wa kijiji hata kabla ya kulikunja. Mzee akanitazama. Akachungulia mwanzo wake, akalinganisha na daftari, akasema ni jedwali, akaita programu yetu ya zamani na kuiandikia jina lote kwa mkono.

Wakatoka. Mstari mmoja, mwingine, mwingine, wakajaa kioo kwa utaratibu wao, kila mmoja na jina lake, nyumba yake, kipimo chake cha asubuhi na cha jioni. Mama Foibe alisimama. Akaanza kuwasalimia kwa majina, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kindamba. "Huyu yupo. Huyu ameoa. Huyu, marehemu, Mungu amrehemu. Huyu mkaidi, anasema amepona." Mzee Kasiani alikuwa anashusha orodha polepole, kama mtu anayeendesha mkokoteni uliobeba mayai. Walipofika kwa Gaudensia, mama akaweka kidole kwenye kioo, kitu kilichokatazwa mle ndani kuliko wizi. Mzee akamwacha.

"Asubuhi kimoja," akasoma Mama Foibe. "Jioni kimoja na nusu." Kisha akasema, kama anajisemea, "Mimi ningempa vitatu na vitatu."

Akakaa chini. Mzee Kasiani akanituma nikaongeze karatasi kwenye printa, nadhani alitaka niondoke kidogo. Ile printa yetu ilikuwa ya sindano, inapiga kelele hadi kuku wa Kibaoni wanataga kabla ya siku. Siku ile ilikuwa muziki. Tulichapa nakala mbili. Moja daktari aliiangalia, akatia sahihi, akatoa dawa. Nyingine Mama Foibe aliikunja ndani ya mifuko ya nailoni mitatu, akaifunga tumboni kwa khanga. Kesho yake mchana nilimsindikiza stesheni nikimbebea maboksi, na nilipotaka kumwomba radhi akanikatiza.

"Zile disketi zilikuwa ngapi mle koponi?"

"Arobaini, mama."

"Zote nyeusi. Ungeijuaje ya kwetu bila ile MAS?"

Jambo hilo nilimpelekea Mzee Kasiani mbio, kama mtu aliyeshinda rufaa. Alilifikiria siku nzima. Mwisho akaamua: jina la kijiji lihamie mbele, liwe herufi tatu za mwanzo, na zile tatu za nyuma ni mali ya mashine, asiziguse mtu aliyezaliwa na mwanamke. Ndiyo maana mafaili yenu mpaka leo yanaanza na MAS, na KIV, na MNG. Mlidhani ni agizo la wizara.

Maji yalipopungua, Mama Foibe alikuja tena. Safari hii aliongozana na binti mrefu wa miaka kama kumi na saba, mwenye kovu la moto kuanzia kiwiko hadi kidole cha mwisho, aliyevua viatu kabla hata ya kusoma kibao. Alikuwa hajaanguka tangu treni ile, mama akatuambia, ila mara moja tu, na mara ile alikaa chini mwenyewe kabla. Binti akatusalimu, shikamoo kwa mzee, shikamoo kwangu, halafu akasimama akiangalia zile mashine kama nilivyoziangalia mimi siku ya soksi.

"Anataka kuona mahali alipoandikwa," akasema Mama Foibe. "Hakuniachia usingizi."

Nikafungua faili, nikashuka mpaka kwenye mstari wake. Gaudensia akasogea. Akasoma jina lake kwa midomo bila sauti, akasoma umri, akasoma vidonge.

"Kaka, na mkiizima hii, mimi nakwenda wapi?"

"Huendi popote. Unabaki."

"Gizani humo?"

"Gizani humo."

Hakuniamini. Nilimjua mtu asiyeamini, niliwahi kuwa yeye. Nikamwangalia Mzee Kasiani. Mzee alikuwa ameshika brashi ya manyoya ya jogoo, anapangusa mahali palipokuwa safi. Akasema bila kugeuka, "Funga faili vizuri kwanza."

Nikafunga, nikaizima. Kioo kikawa cheusi, nikamwona Gaudensia ndani yake, kivuli chake, amebana pumzi. Nikawasha. Mashine za wakati ule zilichukua muda wa kupika ugali kuamka, tukangoja wote wanne. Nikafungua. Akatokea palepale, mstari uleule, asubuhi kimoja, jioni kimoja na nusu.

Binti akacheka, akaziba mdomo kwa ule mkono wenye kovu.

"Izime tena," akasema.

Nikamtazama mzee. Akanyanyua mabega, akaendelea kupangusa. Nikaizima tena.